Habari ya Kutwaliwa kwa Mlima wa Tangi

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, Mzee Kikohozi alikohoa mara moja, akanyamaza.

Nyamazeni nanyi basi. Mwenye kigoda na avute kigoda, mwenye chai aiache ipoe, na aliyeshika simu aiweke kifudifudi, kwa maana linalosimuliwa hapa si dogo. Iko milima iliyotwaliwa kwa majeshi na iko iliyotwaliwa kwa hila, lakini ni mmoja tu uliotwaliwa na gari kuukuu, mwanamke aliyevaa glavu za marehemu baba yake, mama yake mwenye kofia isiyokubali kuinama, na jiwe. Njoo, ewe grisi usiyetoka kwenye kucha! Njoo, ewe moshi wa buluu unaotangulia habari njema na mbaya bila kubagua! Simameni karibu na simulizi hili, lisipunguze wala lisiongeze.

Mzee Kikohozi alikuwa gari. Baba alilinunua likiwa tayari kuukuu, nalo likaendelea kuwa kuukuu kwa bidii kubwa. Lilikuwa na magurudumu ya njiti kama baiskeli ya jitu, taa mbili za shaba zilizotokeza kama macho ya mtu aliyesikia jambo lisilomhusu, na honi ya mpira iliyolia kama bata aliyekanyagwa. Halikuwa na swichi ya kuwashia. Liliwashwa kwa hendeli, nayo hendeli ilizungushwa na mtu aliyesimama mbele yake akimwomba Mungu.

Mtu huyo asubuhi ile alikuwa Bi Vipimo, mtoto wa pili wa Baba, mpima ardhi, mfyeka vichaka, mtenganisha majirani wanaogombania mpaka. Jina hilo alipewa kazini, kwa kuwa hakuwahi kuamini kwamba kilima ni kilima mpaka akitazame kwa darubini yake na kukiandikia namba. Alikunja mikono ya shati. Akavaa glavu. Akazungusha hendeli, Mzee akakohoa; akazungusha tena, Mzee akapiga chafya; akazungusha mara ya tatu kwa hasira zote za ukoo wake, na injini ikanguruma hata kuku wa uwani wakahama bila kuaga.

"Amewaka!" alipaza sauti Mama kutoka kiti cha nyuma, ambako alikuwa amekwisha kukaa tangu kabla ya chai, kofia kichwani, pochi mapajani. Ndani ya pochi hiyo mlikuwa na ufunguo wa mlango wa banda la gari, na ufunguo huo ndio uliokuwa ukipiganiwa siku ile.

Chanzo cha vita kilikuwa maua.

Kaka mkubwa wa Bi Vipimo alikuwa na hoteli, lakini nyumbani walimwita Mkurugenzi tangu akiwa mdogo, kwa ajili ya tabia yake ya kuwapangia wenzake kazi kisha kwenda kulala. Baba alipokwisha kuzikwa na familia kukaa kikao, Mkurugenzi alisimama, akafunga kifungo cha koti, akanena.

"Mama yangu mpenzi, na wewe mdogo wangu. Mzee Kikohozi amechoka. Kifua chake mnakisikia wenyewe. Mimi nitampumzisha kwa heshima mbele ya mlango wa hoteli. Tutamtoa injini. Kiti cha mbele tutapanda waridi, kiti cha nyuma tutapanda asumini, na wageni watapiga picha naye."

"Utapanda asumini mahali ninapokaa mimi?" Mama aliuliza.

"Au waridi, Mama. Utachagua mwenyewe."

Mama alimtazama kama mtu aliyekuta chumvi ndani ya chai.

"Kaka," alisema Bi Vipimo, "gari linalotembea halifanywi chungu cha maua."

"Linatembea? Linasukumwa, mdogo wangu, hadi lijisikie kutembea."

Hapo ndipo kiapo kilipofungwa. Kila mwaka wenye magari ya kale walifanya msafara kutoka sokoni hadi kwenye tangi la maji juu ya mlima, na juu kule ulichorwa mstari wa chaki. Mzee Kikohozi akiuvuka mstari huo kwa nguvu za injini yake, bila kusukumwa kwa mkono wala kuvutwa kwa kamba, ufunguo ungekuwa wa Bi Vipimo, na neno asumini lisingetajwa tena katika nyumba ile. Akishindwa, waridi. Walipeana mikono, na Mama akautumbukiza ufunguo ndani ya pochi na kuifunga kwa kishindo.

Sasa yafaa ielezwe kwamba mlima ule ulikuwa na historia na familia ile. Zamani, misafara ilipokuwa michanga na magari yenyewe ya kuhesabika, Baba alikuwa akienda na familia nzima, na kila mtoto alikuwa na cheo chake. Bi Vipimo alikuwa Mlinzi wa Rejeta: alikodolea macho kifuniko cha maji na kupiga kelele akiona mvuke. Kaka yake alikuwa Mshika Jiwe. Breki za Mzee Kikohozi zilikuwa za kubembelezwa, hivyo Baba alitunza jiwe moja zuri, akalipaka chokaa, akaliweka kwenye ngazi ya pembeni ya gari, na gari lilipoanza kuteleza mahali penye mwinuko, Baba aliita "Jiwe!" na yule mtoto aliruka na kulitia chini ya gurudumu.

Walipofika chini ya Mlima wa Tangi, Baba alifanya jambo ambalo hakuna mwenye gari mwingine aliyelifanya. Aligeuza gari, akaupanda mlima wote kinyumenyume, kofia yake ameivua na kuinyanyua juu. Sababu ilijulikana mtaa mzima. Chini ya mlima ndipo palipokuwa na nyumba ya mama mkwe wake, naye mama huyo alikuwa akisimama mlangoni kuwaaga. Na mkwe mwenye adabu zake hampi mama mkwe kisogo. Bibi yule alivimba kwa fahari. Aliwaambia waliouliza na wasiouliza: "Mkwe wangu mimi? Hata akiondoka, ananiondokea kwa uso." Na hata alipofariki, nyumba ikageuka saluni, Baba aliendelea kupanda kinyumenyume, akiwapungia kofia wanawake waliokuwa wakisukwa.

Bi Vipimo aliipenda hadithi hiyo akiwa mtoto. Alipokwisha kusoma hesabu za miinuko aliiweka kando pamoja na vitu vingine vitamu visivyopimika.

"Mwaka huu," alitangaza akishika usukani, "tunapanda kwa uso, kama watu."

"Baba yako hakupanda hivyo," alisema Mama.

"Mama, Bibi alishafariki. Hakuna wa kumpa kisogo."

"Haya. Mimi nimesema tu."

Wakaondoka. Mbele yao magari mengine ya msafara, yaliyong'arishwa hadi kutia kizunguzungu, yalipotelea mbali. Nyuma yao Mkurugenzi alifuata polepole ndani ya gari lake jipya lisilotoa sauti, na kwenye kiti cha abiria alikuwa ameweka kamba ya kuvutia, mpya, ya buluu, ameifunga mkanda kama mtu. Mzee Kikohozi alisonga kwa mwendo wa kifalme. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani aliwapita. Mbwa aliyekuwa akiwafukuza alichoka kusubiri, akatangulia. Muuza mayai akaja na baiskeli yake, trei zimepangwa juu ya trei, akaenda sambamba nao kwa muda mrefu ili wapate kuongea.

"Shikamoo, bibi. Nikubebe? Ukikaa vizuri huvunji hata moja."

"Marahaba, mwanangu. Tangulia tu, utuandalie mapokezi."

Naye akatangulia, na kwa mdomo wake sifa za Mzee Kikohozi ziliwafikia watu wa mlimani kabla ya Mzee mwenyewe.

Mlima wa Tangi ni mlima kwa jina. Bi Vipimo alikuwa ameupima mwenyewe, enzi za ujana wake, walipokuwa wakitandaza bomba la maji, na aliujua kuwa mwinuko wa wastani ambao watoto huupanda huku wakila miwa na mbuzi huulalia bila kuteleza. Lakini asubuhi ile, ukitazamwa kutoka nyuma ya boneti inayotetemeka, ulisimama kama ukuta wa ngome. Kileleni lilikaa lile tangi kubwa la zege, kimya kama sultani, na chini yake ulikuwa mstari wa chaki, na penye mstari alisimama Mwamuzi wa Msafara, refa mstaafu wa mpira, filimbi shingoni, soksi zimevutwa hadi magotini.

Bi Vipimo alivuta pumzi, akakanyaga pedali, akamwingiza Mzee vitani.

Walipita saluni kwa ngurumo. Walimpita fundi baiskeli. Walimpita muuza mayai aliyekuwa amekaa chini kutazama, nao wakafika nusu ya mlima, na pale, mbele ya umati, Mzee Kikohozi akakohoa kikohozi kirefu chenye huzuni, akazimika.

Kisha akaanza kurudi nyuma.

Bi Vipimo alikanyaga breki. Breki zikatafakari. Gari likateleza, taratibu kwanza, halafu kwa hamu, na wateja wa saluni wakatoka mlangoni huku nywele zimesukwa upande mmoja. Ndipo Mama, bila kugeuza kichwa, akapaza sauti ambayo haikuwa imetumika kwa muda mrefu:

"JIWE!"

Mlango wa gari jipya ukafunguka. Mkurugenzi, mwenye hoteli, baba wa watoto wakubwa, adui wa siku hiyo aliyehitaji jambo moja tu, yaani gari lile lishindwe, alitoka mbio tai ikipepea begani, akachomoa jiwe jeupe kutoka kwenye ngazi ya pembeni bila hata kuangalia lilipo, akajitupa magotini, akalisukuma chini ya gurudumu. Mzee Kikohozi akasimama. Umati ukapiga makofi. Mkurugenzi akainuka, akajitazama magoti, akaitazama mikono yake kama mtu anayewashangaa wageni.

"Kwa nini nimefanya hivi?" aliuliza.

"Kwa sababu nimekuita," alisema Mama.

Mwamuzi aliteremka kuchunguza. Je, jiwe ni msaada? Alilizunguka. Aliligusa kwa ncha ya kiatu. Akaamua kwamba jiwe halikusukuma wala halikuvuta, jiwe limekaa tu kama shabiki. "Ila sikieni," alisema, "wenye kuruka juu hupewa majaribio matatu. Moja limekwenda."

La pili lilikuwa la kishujaa zaidi na halikufika mbali zaidi. Bi Vipimo alirudi hadi tambarare, akaja kwa kasi kamili, kasi ambayo mzee mmoja mwenye fimbo alilazimika kuharakisha ili aipishe. Honi ikalia, umati ukalia pamoja nayo. Na palepale, gurudumu likiwa juu ya alama ya chokaa iliyoachwa na jiwe, injini ikakohoa na kufa. "Jiwe!" Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuchuchumaa.

Bi Vipimo alishuka. Mtu mwingine angelia. Yeye alifurahi kidogo, kwa siri, kwa sababu kitu kinachozimika mara mbili mahali pamoja kina sababu, na sababu hutafutwa. Alitazama plagi: cheche ipo. Aliinua kiti cha mbele, ambako tangi la petroli lilikuwa limelala chini yake, akatumbukiza kijiti: petroli ipo, si ya kufurika, lakini ya kutosha kwenda na kurudi. Alifungua njia ya petroli kule kwenye kabureta. Kukavu kama koo la mhubiri.

"Mdogo wangu," alisema Mkurugenzi, aliyekuwa amekumbuka uadui wake na kwenda kuileta kamba, "umepigana vizuri. Hakuna aibu. Nitamvuta polepole. Na asumini ni ua zuri, linanukia jioni."

"Kaka, nipishe, unanizibia."

"Nakuzibia nini?"

Alikuwa akimzibia tangi la maji. Bi Vipimo alilitazama lile tangi la zege juu ya kilele, tangi ambalo yeye mwenyewe, kwa darubini yake, alilionyesha mahali pa kukaa, na mwenye saluni alipouliza kwa nini wasilijenge chini karibu na watu, alimjibu kwa dharau kidogo kwamba maji hayapandi, maji hushuka, hivyo tangi lazima liwe juu na mfereji uwe chini. Akatazama tangi la petroli chini ya kiti. Akatazama kabureta, mbele, ambayo kwa mwinuko ule ilikuwa imenyanyuka kuliko tangi. Hapakuwa na pampu. Hapakuwahi kuwa na pampu. Akafunga mdomo uliokuwa wazi.

"Mwamuzi," alisema, "tunashuka chini kwa jaribio la tatu."

Naye alimshusha Mzee Kikohozi hadi mbele ya saluni, akamgeuza kwa madoido, mkia ukaelekea mlimani, uso ukaelekea mji. Umati ukasogea karibu. Waliokuwa watu wazima walielewa kwanza, na minong'ono ikapita: "Anapanda kama baba yake!"

Bi Vipimo alikanyaga pedali ya katikati, ile ya kurudi nyuma, na safari kuu ikaanza.

Mzee hakukohoa. Alikoroma kwa raha kama aliyekunwa mgongo. Alipanda kwa makalio, mvuke ukimtoka puani, na kwa vile hakuna raia anayeweza kuona gari likirudi nyuma akanyamaza, mtaa mzima uligeuka kuwa majemadari wa kuelekeza. "Rudi, rudi, rudi!" "Kata kulia!" "Usikate, nyoosha!" "Kulia kwake au kwangu?" "Njooo, bado, bado, njooo!" Bi Vipimo aligeuza shingo kutafuta njia, akaona kofia.

"Mama, inama kidogo, sioni barabara."

"Siinami. Watu wananitazama." Na kweli alikuwa ameinua mkono, akiwapungia wanawake wa saluni kwa utulivu wa malkia.

Mkurugenzi alitembea mbele ya pua ya gari, jiwe kifuani, uso kwa uso nao, tayari. Hakuna aliyemwagiza.

"Mama," alisema Bi Vipimo katikati ya ngurumo, "nimegundua. Ni petroli! Tangi liko chini, kabureta iko juu, petroli haifiki. Baba hakuwa akimpa Bibi heshima. Alikuwa akipeleka petroli kwenye injini!"

"Najua."

"Unajua?"

"Mwaka wa kwanza tulizimika palepale ulipozimika wewe, mbele ya mama yangu, nami nina gauni jipya. Baba yako akachungulia, akafikiri, akageuza gari. Mama yangu akauliza, 'Mbona mkwe unarudi nyuma?' Ungemjibu nini, kabureta? Baba yako akavua kofia."

"Na miaka yote hii hukutuambia!"

"Mngemwambia Bibi yenu. Nyinyi hamkuwa watoto wa siri."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nilikwambia Baba yako hakupanda hivyo. Hukuuliza kwa nini. Ukaniambia mama yangu amefariki, kama vile sina habari."

"Na pale nilipokuwa napima kwa kijiti?"

"Ulikuwa unafurahi. Nikakuacha."

"Mama!" alifoka Mkurugenzi kutoka mbele ya rejeta, akipanda hatua moja kwa kila hatua ya gari, akisonga mbele au akirudi nyuma, hata yeye hakujua tena. "Mimi nilipigana shuleni kwa ajili ya heshima hiyo! Nilipasuliwa mdomo!"

"Na baba yenu akasifiwa mji mzima. Angalia gurudumu."

Waliipita alama ya chokaa. Umati ulilia kama umati unaoona adui akivunja safu. Walimpita muuza mayai, aliyesimama juu ya baiskeli yake ili aone vizuri na kumwachia Mungu mayai. Karibu na kilele mwinuko ulikazana, Mzee akaanza kutetemeka, ngurumo ikapungua ikawa nong'ono, ikawa ombi. Na hapo Mkurugenzi, aliyekuwa na kamba ya buluu, aliyekuwa na ndoto za asumini, alisikika na watu wote akipiga kelele:

"Ongeza moto, wewe! Ongeza! Usimwachie! Bado kidogo!"

Bi Vipimo aliongeza. Namba ya nyuma ya Mzee Kikohozi ikavuka mstari wa chaki, kisha magurudumu ya nyuma, kisha Mama, ambaye hakushusha mkono, kisha Bi Vipimo, kisha injini, mwisho taa mbili za shaba, zikiutazama mji uliobaki chini kwa mshangao wake wa siku zote.

"Subirini," alisema Mkurugenzi, akihema, kwa kuwa kiapo ni kiapo na alikuwa na wajibu wa kusema jambo. "Limevuka kwa mgongo. Hilo nalo linahesabika?"

Mwamuzi alimtazama kwa huruma ya mtu aliyetukanwa na viwanja vizima.

"Bwana," alisema, "mpira ukivuka mstari, umevuka. Mpira hauna mbele."

Akapuliza filimbi.

Basi ijulikane kwa waliokuwapo na waliokosa, kwa wenye magari na wenye miguu, kwamba Mlima wa Tangi, uliopandwa na watoto, mbuzi na baiskeli za mayai, ulitwaliwa siku hiyo na Mzee Kikohozi kwa nguvu zake mwenyewe, na kwamba hakupoteza katika vita hiyo ila nati moja ya boneti, iliyookotwa na fundi baiskeli na kurudishwa. Mama alifungua pochi, akatoa ufunguo, akamkabidhi binti yake. Mkurugenzi aliona. Gari lilianza kuteleza kidogo kuelekea kule lilikotoka, na hakuna aliyeita. Aliinama, akatia jiwe chini ya gurudumu la mbele, akalipiga teke dogo kuhakikisha limekaa.